Kushoto kwa Hori

Jana mjukuu wangu Raissa alinisimulia aliyosikia ndani ya gari la kwenda Muyinga.

Martha, abiria anayekaa Butihinda, alikuwa anatoka ziwani kutafuta kiwanja cha baba yake. "Mama alisema kiko kushoto kwa hori, ule mkono wa ziwa unaoingia mjini. Wenyeji wanasema kushoto hatukukaa kamwe."

Uthmani, muuza dagaa, akauliza: "Mama aliangalia akiwa wapi?"

"Mtumbwini, tukikimbia, mimi nikiwa mchanga. Alikufa ukimbizini."

"Basi dada, kama aligeukia mji, kushoto kwake ni kulia kwa mwenyeji anayetazama ziwa. Aligeuka?"

"Nani anakimbia asigeuke kutazama kwao?"

"Mi nilikimbia. Sikugeuka."

Uthmani akasinzia. Martha akabaki anageuza shingo, mara mbele, mara nyuma, mpaka naye usingizi ukamchukua.