Maji ya Kuchemsha Yamefeli

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja mbele ya nyumba ya Esperance, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, cherehani yake ikiwa pembeni. Vita vya pili kule Kongo vilikuwa katika mwaka wa tatu, na watu walikuwa na mchana mrefu kuliko kazi. Lucien, muuza kahawa, walimwita Satelite kwa sababu ya redio yake. Mulenda, mwalimu wa zamani wa Uvira, walimwita Diplôme, maana hakuna aliyewahi kuiona diploma yake. Siku hiyo Diplôme alirudi kutoka Lilongwe na karatasi. Ofisi moja ilikuwa imemtuma kambini mwezi mzima kuuliza nani anachemsha maji na mtoto gani anahara, na sasa kompyuta ilikuwa imejibu. Esperance akasimamisha cherehani. Binti yake Bora alikuwa ametoka kuhara juma zima, na nusu ya maharage ya mgao yalikuwa yanaishia kwa wauza kuni ili maji yachemke.

— Soma, Mwalimu.

— Kila kitu kimepewa namba yake juu ya kuhara. Kisima ya wazi: tatu nukta moja. Kuchemsha maji: sifuri nukta arobaini na mbili.

— Arobaini na mbili juu ya mia? Satelite akauliza.

— Sasa ingine nini? Kwetu mutoto akikosa hamsini anafanya nini?

— Anarudilia mwaka.

— Njo vile. Kuchemsha kumefeli.

Moyo wa Esperance ulishuka. Halafu, na hilo lilimtia aibu, akahisi nafuu: maharage yangebaki nyumbani.

— Na kisima ya wazi? akauliza.

— Ile ni mia tatu na kumi juu ya mia, imepita hata maximum. Miaka kumi na mbili nilifundisha, sijaona mwanafunzi wa vile.

— Mi nilishasema, Satelite akadakia akimimina kahawa. Moto inaua nguvu ya maji. Samaki ya Tanganyika, nani anabachemshiaka maji? Na biko banene. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Mama Bora. Acha mutoto azoee.

— Methali hiyo ni ya fimbo, haiko ya maji, Esperance akasema.

— Methali ni koti, anavaa mwenye kusikia baridi.

— Mutaona, Diplôme akasema, na kahawa ilikuwa imeshampanda kichwani. Batachimba kisima ya wazi kwa kila mulango. Mifuniko yote ya visima ya kambi itaenda kuuzwa soko ya Tsoka.

Esperance akazunguka nyuma ya nyumba. Akatoa kuni mbili chini ya sufuria ya maji ya kunywa, akazizima mchangani. Mwalimu ni mwalimu, alijiambia.

Aliporudi, alimkuta Kankindi, mgeni wa juzi tu kambini, amesimama na mtoto mgongoni na kitenge cha kushonewa pindo.

— Samahani, Mwalimu, mgeni akasema. Hiyo tatu ya kisima, ni tatu ya nini?

— Ya kuhara, Diplôme akajibu, kabla masikio yake hayajasikia alichosema.

Satelite akaacha kumimina.

— Na bale benye habachemshaka maji, bo balipata ngapi? mgeni akauliza.

Diplôme akaitazama karatasi. Akaigeuza, akaigeuza tena.

— Habamo.

— Haukubauliza?

— Nilibauliza. Zaidi ya mia mbili. Lakini hapa habana namba.

— Sasa hiyo arobaini na mbili, inapimwa na nani, kama haiko bo? Bo ni moja muzima, na benye kuchemsha banahara chini ya nusu yabo.

Diplôme akaikunja ile karatasi. Esperance hakungoja. Alikwenda mbio nyuma ya nyumba, kitenge kikimkwama miguuni. Bora alikuwa amechuchumaa kando ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, kikombe mkononi.

— Umekunywa?

— Bado, mama. Nangojea ichemke.

Esperance akapiga magoti, akaanza kupuliza makaa. Alimwonea haya mtoto yule wa miaka minne kuliko alivyowahi kumwonea haya mtu mzima.