Jimbo Moja Limebaki

Noreen: Haloo? Nani mwenzangu?

Janelle: Mimi, Mama. Janelle. Mwanao wa pekee.

Noreen: Janelle wangu! Ngoja kidogo — Delbert, nimekuona! Rudisha hiyo dhumna mezani! — Hujambo mwanangu? Baba yako mwizi.

Janelle: Sijambo. Saa nne asubuhi mnacheza dhumna?

Noreen: Tumeanza saa mbili, hapa nje chini ya turubai. Anayefungwa anaosha vyombo. Vyenyewe vikombe viwili na kikaango. Ndiyo raha ya kuishi ndani ya gari-nyumba.

Janelle: Na gari limeegeshwa wapi leo?

Noreen: Kando ya mto.

Janelle: Mto gani?

Noreen: Mto tu... una maji.

Janelle: Mama.

Noreen: Upande wa Minnesota.

Janelle: Bado? Wiki ya tatu hii! Si mlisema limebaki jimbo moja tu, Dakota Kaskazini? Ramani ya Marekani hapo mlangoni pa gari ikijaa stika za majimbo mliyolala mnauza gari, mnakuja kukaa kwangu Ohio. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi ya njano, ile aliyochagua Baba!

Noreen: Ahadi ni deni, sikatai.

Janelle: Sasa hiyo Dakota Kaskazini iko mbali gani kutoka hapo?

[dhumna zinagongwa mezani]

Janelle: Mama?

Noreen: Ng'ambo ya mto.

Janelle: Ng'ambo ya— unaiona?

Noreen: Namwona bwana mmoja huko anatembeza mbwa. Anatupungia mkono. Tumeshazoeana.

Janelle: Kinachowazuia kuvuka ni nini?

Noreen: Mbona tunavuka! Kila siku, kwa daraja la miguu. Alhamisi bendi inapiga bustanini, tunabeba viti vyetu. Baba yako juzi kacheza polka mpaka soli ya kiatu ikabanduka.

Janelle: Basi bandikeni hiyo stika, yaishe!

Noreen: Thubutu! Hujalala, hubandiki. Muulize yeyote anayeishi kwenye gari.

Janelle: Yaani mnavuka, mnakula aiskrimu, mnacheza—

Noreen: —ya vanila—

Janelle: —halafu mnarudi Minnesota kulala?

Noreen: Usingizi ukitukamata upande huu tufanyeje?

Janelle: Wiki tatu, kila siku unawakamata upande huo huo! Mama, mnaikwepa!

Noreen: Jana nusura tuumbuke. Baba yako alianza kusinzia kwenye benchi la ng'ambo. Nilimfinya huyo!

Janelle: [anacheka] Mna akili nyie?

Noreen: Usikasirike, mwanangu. [mikwaruzo] ...miaka arobaini, unanisikia? Miaka arobaini baba yako alirudi kutoka kazini, akala, akalala. Nilikuwa naishi na viatu vyake pale mlangoni. Sasa tumebanana ndani ya futi thelathini, hana pa kujificha, na kumbe ni mcheshi! Nikikaanga mayai ananiimbia. Naogopa, Janelle. Naogopa tukishuka garini, yule wa zamani atarudi. Haloo? Umekatika?

Janelle: Nipo. Mama... kile chumba cha njano si chenu tena.

Noreen: Umekipangisha!

Janelle: Kuna mtu anakuja Novemba.

Noreen: Mtu gani?

Janelle: Hata jina bado hana.

Noreen: Mtu gani asiye na— Janelle.

Janelle: Abee.

Noreen: Janelle! Baada ya miaka yote ile ya—

Janelle: Usiseme, nitalia hapa kazini.

Noreen: DELBERT! Acha dhumna! Babu Delbert, nakuambia! Babu! — Kaangusha kahawa. Analia. Hapana, anacheka. Vyote viwili!

Janelle: Na gari msiuze, mnasikia? Nimepima kando ya gereji, nimeshika futikamba mwenyewe na tumbo hili. Futi thelathini na mbili. Mnaenea, na viti vyenu viwili nje.

Noreen: Tukae garini humo humo?

Janelle: Humo humo. Ila mje, Mama. Peke yangu naogopa.

Noreen: Tunakuja! Leo tunalala ng'ambo, stika inabandikwa, kesho barabarani — he! Ameshawasha gari!

Janelle: Saa nne hii? Mnakwenda kulala?

Noreen: Anasema usingizi ni usingizi! Delbert, turubai bado liko nje! Mpira wa maji! Mpira wa — kaung'oa. Maji yanaruka mpaka kwa jirani! Delbert, viti! Na mimi je? Mkeo huyu hapa!

Janelle: Mama! Amekuacha?

[mikwaruzo, honi]

Noreen: Amesimama. Anarudi kinyumenyume... kanifungulia mlango.

Janelle: Anasemaje?

Noreen: Hasemi. Anaimba, Janelle. Anaimba! Haya kwaheri, chaji inaisha, nitakupigia tukiamka Dako—