Bia Tatu za Mwisho

Asubuhi hiyo benchi la Keko, lile la mabaki ya mbao mbele ya karakana za vitanda, lilikuwa limepigwa na butwaa. Mwanaasha, muuza kahawa, aliwamiminia mafundi vikombe huku mgongoni amembeba mtoto asiye wake. Mama wa mtoto, Monica, mhudumu wa baa ya jirani, alikuwa mahabusu. Juzi jioni fundi Brightson alimaliza kitanda cha harusi, na hapo Keko kazi kubwa ikiisha lazima mtu apongezwe. Alilewa chakari, akaongezwa bia, akapanda pikipiki yake akatumbukia nayo mtaroni. Mpaka sasa hajafumbua macho. Mwenye baa kawaambia polisi kosa ni la mhudumu.

Mwanaasha hakuwa msemaji. Alikumbuka tu kwamba siku arobaini za uzazi wake, Monica ndiye aliyemletea uji kila asubuhi, hakukosa hata siku moja.

Fundi Sebastian walimwita Hakimu, kwa kuwa aliwahi kukaa rumande Segerea wiki mbili akatoka na sheria zote kichwani.

– Mlevi haongezwi bia, alisema. Ukimwongeza, ajali yake ni yako. Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

– Mtaroni kuna wali gani, braza? aliuliza Allen, aliyeitwa Msasa kwa kukwaruza maneno ya wenzake.

Mzee Haroub, muuza misumari, ambaye bia hajawahi hata kuionja, akasema basi na kiwanda kishtakiwe. Msasa akamwongeza aliyeuacha mtaro wazi. Hakimu akapitiliza kabisa: viti vya baa ile wamevitengeneza wao, vina mito laini, mtu akikaa hainuki, huenda nao wakatafutwa. Wakacheka kidogo.

– Na Monica? aliuliza Mwanaasha.

– Angekataa, dada, alijibu Hakimu. Si mdomo anao?

Hapo akatokea Lulu, mke wa Brightson, akitoka hospitali, khanga yake imekunjamana kwa kulala sakafuni. Msasa alimpisha akae. Mwanaasha akamwekea kikombe mkononi bila kuulizwa.

– Shikamoo, mzee.

– Marahaba, mwanangu. Kaamka?

– Bado. Lulu alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa. Nimepitia kituoni kumwona Monica. Ananiambia alimkatalia mara mbili, meza nzima ikamfokea kwamba ni ofa, zimeshalipiwa, afungue. Mie sijui sheria, kaka zangu. Mume wangu alitoka nyumbani na hela ya bia moja. Zile tatu za mwisho nani alimwagizia?

Randa ya karakana ya pili ilisikika ikipita juu ya ubao, ikasimama. Hakimu alitazama kahawa yake. Msasa aliokota kipande cha mbao, akakirudisha kilipokuwa. Mzee Haroub akawatazama mmoja baada ya mwingine, taratibu, mdomo wazi.

Mtoto akaanza kulia. Mwanaasha akambembeleza.

Mwishowe Hakimu akainuka, akajikung'uta vumbi la mbao, akashika njia ya kituoni. Msasa akamfuata, kichwa chini. Mwanaasha akalifunika birika, akakaza mbeleko, akawaandama nyuma yao, asije mmoja akakata kona.