Borghild Nymoen na Mwanga Mwekundu wa Ramfjord

Eilert Nymoen alimwona Borghild kwa mara ya kwanza Septemba 1980, bondeni Ramfjord, kaskazini mwa Norwe. Borghild alikuwa juu ya ngazi akikaza waya wa antena, na kondoo wa Eilert wamejaa chini yake.

"Kaka, hawa wako wanajua kwamba hapa ni kituo cha utafiti?"

"Hapa ni malisho," Eilert alijibu, akaona haya, akaondoka. Kondoo walibaki.

Borghild alizaliwa tarehe 3 Machi 1953 mjini Bodø, mtoto wa pili wa Sverre na Astrid Falch. Alisomea ufundi umeme Narvik, akahitimu mwaka 1974.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na Håkon, mdogo wake Eilert. Walijaliwa binti mmoja, Ragnhild.

Alitumikia kituo hicho hadi alipostaafu. Antena zake zilirusha mawimbi ya redio hadi hewa ya juu kabisa, yakaipasha joto, nayo ikatoa mwanga mwekundu hafifu mno. Jicho haliuoni; huonwa na kamera, tena pasiwe na taa karibu. Kwa hiyo kila majira ya baridi Borghild alipita nyumba kwa nyumba kuomba taa za nje zizimwe. Hakuna aliyemkatalia, maana kwanza alikaa akanywa kahawa yao.

Agosti 2014 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitamani jambo moja: auone mwanga ule tena kabla hajafa. Wenzake walipanga jaribio tarehe 24 Novemba, saa kumi na moja jioni. Borghild hakuweza tena kutembea, na Håkon alikuwa akimuuguza. Wa kupita nyumba kwa nyumba akabaki Eilert, ambaye hata dukani huonyesha kwa kidole ili asiseme.

"Wewe, Eilert?" mzee Torgeir alimshangaa mlangoni. "Kumbe unaongea?"

"Taa ya Borghild. Yaani, yako. Izime kwa ajili ya Borghild."

"Itazimwa. Ingia kwanza, kahawa ipo."

Aliingia. Aliingia kila nyumba.

Jioni ile bonde lote lilikuwa giza. Borghild, amefunikwa blanketi mbele ya skrini ya kamera, aliona doa jekundu likitanda kati ya nyota. Alilitazama mpaka likafifia.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 29 Novemba. Ameacha mume, binti, wajukuu wawili na shemeji. Alale salama katika ardhi ya bonde hili.

Neno lake la mwisho kwa Eilert alilisema jioni ileile ya mwanga, alipomshusha garini na kumfikisha kitandani:

"Leo umeongea kuliko mwaka mzima, shemeji. Nenda kapumzike."