Bi Chambua na Makopo Mawili ya Dirishani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa sita mchana, Bi Chambua atatundika buti zake kwenye msumari wa stoo ya bustani kwa mara ya mwisho. Anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Idara ya Usafi, na kumi na minane kati ya hiyo ameitumia akisimamia rundo la mboji katika Bustani ya Jamii, nyuma ya karakana ya malori ya taka. Jina lililomo kwenye faili lake la utumishi ni jingine, refu na zuri, lakini hata karani wa masjala humwita Bi Chambua. Sababu ni kwamba hilo ndilo neno la kwanza analomwambia mtu yeyote anayefika getini na mfuko wa maganda: chambua kwanza, halafu tusalimiane.

Niseme ukweli mapema ili msomaji asidhani tunakula keki tu. Sherehe hii ina furaha, lakini ina wasiwasi pia. Mwezi Januari Mkuu wa Idara alituandikia barua ya heshima akiuliza kama rundo linaweza kuendelea bila Bi Chambua. Mboji tutakayoitengeneza wenyewe ikionekana si salama kwa mimea ya watu, rundo litafungwa, na mabaki yote ya soko na ya majirani yatapakiwa tena kwenye malori kwenda dampo. Basi tangu Februari, mimi, msaidizi wake, na mwenzangu wa kusukuma toroli tumetengeneza rundo moja tangu tabaka la kwanza hadi la mwisho bila mkono wake. Yeye aliruhusiwa kutazama tu, akiwa amekaa kwenye kiti, jambo ambalo lilimchosha kuliko kazi.

Alianza utumishi kama mfagiaji wa soko la mboga. Kwa miaka kumi na mmoja alifagia hapo, na alikuwa na tabia iliyowaudhi wasimamizi wake: alifagia mafungu mawili badala ya moja. Upande huu majani ya kabichi, maganda na nyanya zilizopondeka, upande ule mifuko, kamba na chupa. Lori likifika, wapakiaji waliyachota mafungu yote mawili na kuyachanganya mbele ya macho yake. Kesho yake alifagia mafungu mawili tena. Msimamizi mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba mtumishi huyu ana bidii lakini ni mbishi, na Bi Chambua ameihifadhi nakala ya ripoti hiyo mpaka leo kwa sababu anaona imemsifu mara mbili.

Idara ilipogawa eneo la nyuma ya karakana kuwa vipande vya kulima kwa wakazi, aliomba uhamisho. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, ya pili ukurasa mmoja, na ya tatu mstari mmoja tu: bado nangoja. Alipokubaliwa alikuta mahali pamejaa matairi, makopo ya rangi na fremu za madirisha yaliyovunjika. Hakuomba lori la kuviondoa. Matairi yakawa matuta ya vitunguu. Fremu ziliwekwa vioo vya kuokoteza zikawa nyumba ya miche. Chupa za plastiki zilitobolewa vifuniko, zikafukiwa kichwa chini kando ya mimea, zikawa zinadondosha maji kidogo kidogo. Beseni refu la kuogea lililotoka kwenye nyumba ya wageni iliyobomolewa likawa makao ya minyoo, likafunikwa kwa ubao safi.

Juu ya ubao huo ndipo Mkuu wa Idara wa enzi hizo alipoketi siku ya ukaguzi, akidhani ni benchi. Alitia saini kitabu cha wageni, akauliza minyoo inayosifiwa iko wapi, akaelezwa. Tunaambiwa aliinuka kwa kasi isiyolingana na cheo chake. Hata hivyo, ripoti yake ilikuwa nzuri, na mwaka uliofuata tulipata toroli la pili.

Wengi wetu tutamkumbuka kwa mkono wake wa kulia. Kila asubuhi alikunja mkono wa koti, akazamisha mkono wake kwenye rundo mpaka kiwiko, akafumba macho, kisha akatangaza kama lichanganywe leo au liachwe. Idara ilipoleta kipimajoto chenye mshale mrefu, alikubali kukitumia kwa masharti: kwanza ataje yeye, ndipo kisomwe. Alikosea kwa nyuzi moja. Alisema kipimajoto ni kipya, kitazoea.

Pia yapo meno. Kwenye rundo tumewahi kuokota vijiko, funguo, rimoti ya televisheni na vibandiko vya matunda visivyohesabika, lakini meno ya bandia tuliyapata mara moja tu. Bi Chambua aliyaosha kwa maji ya moto, akayatia kwenye mfuko unaoonyesha ndani, akayatundika kwenye ubao wa matangazo. Hakuna aliyejitokeza. Ila mwanachama mmoja ambaye sitamtaja aliacha kucheka kwa wiki tatu, kisha meno yakatoweka ubaoni siku moja na kicheko kikarudi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe aliniagiza nisilifiche. Katika mwaka wake wa saba bustanini, uwanja wa michezo ulituletea lori zima la nyasi mbichi zilizokatwa asubuhi ileile. Bi Chambua alizinusa, akazichambua, akaondoa hata vifuniko vya soda, akazipanga kwenye rundo kwa furaha. Hakuuliza swali moja: je, uwanja ulipuliziwa dawa? Ulikuwa umepuliziwa dawa ya kuua magugu, ile inayoziacha nyasi zikiwa salama na kuangamiza mimea ya majani mapana. Dawa hiyo haiishi nguvu kwa joto la rundo, wala haionekani kwa kuchambua.

Mboji ilitoka nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Tuliigawa kwenye vipande ishirini na viwili. Baada ya majuma matatu nyanya za watu zilianza kujikunja majani kama vidole vya mtu aliyeshikwa na baridi, na maharage yakadumaa. Aliyeumia kuliko wote ni fundi cherehani wa kipande namba saba, aliyekuwa ameotesha miche arobaini kwa mbegu alizozichagua mwenyewe. Watu walilaumu jua, wengine wakalaumu wadudu. Bi Chambua angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua.

Hakunyamaza. Alipiga simu uwanjani, akapata jibu, akavaa buti na kupita kipande kimoja baada ya kingine. Kote alisema maneno yaleyale: ni mboji yangu, sikuuliza, kosa ni langu. Kwenye kipande namba saba alikaa muda mrefu. Wenye kumbukumbu wanasema wanawake hao wawili waling'oa miche yote arobaini pamoja.

Kwenye mkutano wa wanachama kulikuwa na sauti nyingi za kutaka rundo lifungwe. Fundi cherehani ndiye aliyelinusuru, tena kwa hasira. Alisema yeye haondoki, wala hataki rundo lifungwe, ila kuanzia siku hiyo hatatia udongoni kwake kitu alichothibitishiwa kwa mdomo tu. Anataka kuona kwa macho yake, kama anavyoonyesha yeye mshono kwa mteja.

Kesho yake makopo mawili ya rangi yalikaa kwenye dirisha la stoo, na hayajawahi kuondoka hapo. La kushoto hujazwa udongo wa kawaida, la kulia mboji mpya iliyochanganywa na udongo uleule. Katika kila kopo hupandwa maharage matano. Kwa siku ishirini na moja tunatazama. Majani ya kulia yakijikunja au yakitoka membamba, rundo lote halitoki, na siku ya mwisho fundi cherehani huja na miwani yake ya kazi na kuyageuza majani chini na juu kama anayekagua pindo. Akiitikia kwa kichwa, ndipo ndoo zilizopangwa kwenye mstari hujazwa.

Kwa miaka kumi na mmoja sheria hiyo haijamjua mkubwa wala mdogo. Marundo mawili yalifeli, yakaishia kwenye nyasi za karakana ambako hayawezi kumdhuru mtu. Kuna Mkuu wa Idara aliyemtuma dereva na ndoo mbili kwa ajili ya maua ya mkewe siku ya kumi na nane. Dereva alirudi na ndoo tupu na salamu nyingi.

Nyumbani kwake, wanasema, hali si tofauti. Mumewe, aliyestaafu udereva, amenieleza kwamba jikoni kwao kuna ndoo nne za taka, na kwamba siku moja alirudishiwa ganda la yai mezani, kwenye kisahani, ili alitupe upya mahali panapostahili. Hata wajukuu wakija likizo, kabla ya kukumbatiwa hupitishwa kwenye ndoo na maganda yao ya ndizi. Mzee anasema anamngoja mkewe nyumbani kwa mapenzi na kwa hofu kidogo.

Ninaandika haya Jumatano. Rundo letu, lile lisilo na mkono wake, lilikomaa mwanzoni mwa mwezi. Tulipanda maharage dirishani tarehe 9, na siku ya ishirini na moja inaangukia Ijumaa hiyohiyo ya kumuaga. Sikuipanga iwe hivyo, na ningekuwa na hiari nisingeipanga.

Juzi Jumatatu, siku ya kumi na saba, Bi Chambua alikuja na ndoo mpya ya bluu. Alikuwa ametoka kujiandikisha uanachama na kupewa kipande namba nane, jirani na fundi cherehani. Alisimama mlangoni, akasema sasa yeye ni mwanachama wa kawaida, ana mbegu za kupanda jioni hiyo, na anaomba ndoo moja tu ya mboji yetu. Niliyatazama makopo. Majani yalikuwa yamenyooka yote. Nikamtazama yeye, mtu aliyenifundisha kila ninachokijua katika kazi hii, ambaye ana umri wa mama yangu na ambaye nimezoea kumwitikia nikiwa bado mbali.

Nilimwambia, "Samahani mama, bado siku nne."

Mwenzangu wa toroli aligeuka akawa anasoma tangazo la mwaka jana. Bi Chambua aliifudikiza ndoo yake sakafuni, akaikalia, akajifuta macho kwa kiganja. Alikuwa anacheka na alikuwa analia, na mimi pia. Sikumuuliza kama alikuwa ananijaribu au alikuwa na haraka ya kweli ya kupanda. Alipoinuka, aliipeleka ndoo mwenyewe mahali mstari unapoanzia, akaiweka ya pili, nyuma ya ile ya fundi cherehani, akaenda nyumbani.

Ijumaa, hotuba zikiisha, makopo mawili yataletwa juu ya meza na fundi atavaa miwani yake mbele yetu sote. Majani yakiwa yamejikunja, tutasema hivyo hivyo mbele ya Mkuu wa Idara na tutapita kipande kwa kipande kuwaambia wenye mimea, hata kama rundo litafungwa, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyotufundisha. Yakiwa yamenyooka, ndoo ya bluu itajazwa mpaka juu.

Bi Chambua, tunakushukuru kwa miaka ishirini na tisa ya mikono michafu na maneno safi. Tunakuombea magoti yasiyouma, mvua ya kiasi, na jirani mwema katika kipande namba saba, ingawa huyo tayari unaye. Karibu bustanini siku yoyote utakayo. Geti ni lilelile, nasi tutakuwepo kukupokea. Ila ukifika na mfuko wako wa maganda, mama yetu, chambua kwanza, halafu tusalimiane.