Ngazi Tunafanya

Sogeeni, wanangu, na wewe binti yangu, kitinda mimba, kaa hapa karibu na mto wangu wa kulalia, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kupiga kelele, ingawa hasira ya kupiga kelele ninayo tele.

Nyumba ni ya mama yenu, mtu asiiguse. Karakana nampa kitinda mimba, na wewe kaka yake usinune, randa hujaishika tangu uote ndevu. Lakini jana, binti yangu, dirisha likiwa wazi, nilikusikia ukimwambia mteja, "Ngazi hatufanyi, hesabu zake hatuziwezi." Nani kakwambia hatuziwezi?

Maneno hayo nilipachikwa mimi, na mwalimu aliyenisimamisha mbele ya darasa, nikashindwa kugawanya, akanigonga utosini akasema kichwa hiki ni cha kubebea kuni. Mtu mzima na akili zake! Sijamsamehe, wala msiniombe. Nikawa fundi wa milango na vitanda, lakini mteja akitaja ngazi jasho linanitoka, nasingizia mbao zimekwisha.

Mama yenu ndiye aliyenikokota hadi darasa la watu wazima, mvi kichwani, magoti yakigota kwenye dawati la watoto. Nilitoroka, akanirudisha. Nikakosea, nikafuta, mpaka nikaelewa kwamba kugawanya ni kilekile nilichokifanya kila siku nikikunja kamba kutafuta katikati ya ubao. Nililia mbele za watu, kwa uchungu wa miaka niliyoibiwa. Ngazi yangu ya kwanza nilisahau kuhesabu unene wa sakafu, kipandio cha juu kikawa kinamkwaza kila apitaye. Nikaing'oa, nikaijenga upya. Hakuna aliyekufa.

Basi neno lile la "hatuziwezi" nizikeni nalo, mjukuu wangu yeyote asilisikie. Wewe kaka mtu, mfuate mteja leo hii, mwambie ngazi tunafanya. Mungu aibariki mikono yenu, awaweke pamoja.

Maji kidogo... Binti, shika penseli, andika kwenye ubao huo. Sakafu hadi sakafu, sentimita mia mbili themanini na nane. Vipandio kumi na sita. Kila kimoja kimo gani? Usinitazame mimi, tazama namba.

Ishirini? Zidisha uone... Umepita juu ya sakafu. Futa. Usilie, binti, futa tu... Hapana, msinilaze bado. Anza tena, mwanangu. Nakusubiri.