Wavu Uliobaki Mwilini mwa Gelasius Bujiku

Baba Padri, wazee, wakwe zetu na majirani wa Ushirombo, huyu aliyelala mbele yenu amewasomea historia za marehemu kwa miaka kumi na tisa, hakuna nyumba ya parokia hii isiyoijua sauti yake, na leo ni zamu yake kusomewa. Anayesoma ni Theonest, mdogo wake, lakini sehemu ya ugonjwa marehemu aliiandaa mwenyewe, na familia haijaipunguza.

Gelasius Bujiku alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 kijijini Samuye, Shinyanga, mtoto wa tatu wa Mzee Bujiku na Mama Mektilda. Alichunga ng'ombe, akaingia shule ya misheni mwaka 1941, akamaliza darasa la sita mwaka 1947, akiwa na mwandiko ambao mwalimu wake aliwaonyesha wageni. Februari 1951 alikwenda Geita, akaajiriwa mgodini kusukuma vitoroli vya mawe hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966, na huko alifahamiana na Kamili, mtu wa hapa Bukombe, wakasukuma kitoroli kimoja, wakala sahani moja, na wote wawili wakatoka na ngiri.

Tarehe 8 Juni 1957 alifunga ndoa na Theopista katika kanisa hili, wakajaliwa watoto sita, wa kwanza Epifania, na mmoja alitangulia akiwa mchanga. Mgodi ulipofungwa alihamia huku ukweni, ndugu zake wa Samuye wakamcheka sana, naye akawajibu kwa kuvuna pamba nyingi kuliko shemeji zake wote. Mwaka 1967 parokia ilimfanya katibu, na tangu hapo kila penye msiba aliitwa na kalamu yake.

Tarehe 21 Septemba 1976 Gelasius na Kamili walipasuliwa ngiri siku moja, katika hospitali ambayo familia haitaitaja, na daktari mgeni aliyewashonea ndani wavu mdogo wa plastiki ili nyama isifunguke tena, wala hakuwaambia, wala kwenye kadi zao hakuandika. Baada ya miezi minne kidonda cha Gelasius kilifumuka, kikawa kinatoa usaha, kinakauka, kinafumuka tena, na kila aliporudi hospitali aliulizwa amebeba nini, kana kwamba mzigo ndio uliomfumua. Watu nao waliongeza yao, kwamba amevunja mwiko, kwamba kuna mkono wa mtu, na Theopista, aliyefua vitambaa vya kidonda kila asubuhi, aliyasikia yote kisimani na hakuhama kisima.

Kamili alifariki tarehe 3 Mei 1981 kwa kidonda kama hicho hicho. Gelasius alikiona kwa macho yake, lakini ngiri wanaume huionea aibu, wazee wakamwomba asitiri heshima ya mwenzake, naye akaandika kwamba Kamili aliugua tumbo kwa muda mrefu, akasoma, watu wakaitikia amina.

Miezi miwili baadaye uzi mgumu ulichungulia kwenye kidonda chake mwenyewe, akauvuta, ukaja na kipande chenye matundu kama ya chandarua. Alikiosha, akakitia kwenye kichupa cha penisilini, akapanda baiskeli hadi hospitali, akamwambia daktari, "Hiki si changu. Andika." Hakuandikiwa, aliambiwa amejichokonoa. Alirudi mara saba, na mara ya nane, Aprili 1984, muuguzi Bernadina alifungua daftari la chumba cha upasuaji, akakuta wanaume kumi na mmoja walioshonewa wavu Septemba ile ya 1976. Gelasius alinakili majina akawatafuta, mmoja Ngokolo, mwingine Buzwagi, akawapata wanne wenye vidonda walivyowaficha hata wake zao, akawafikisha mwenyewe kwa daktari aliyekubali kuwatoa nyavu zile, na wote wanne wamekaa hapa leo. Wavu wa kwake, ule uliobaki mwilini, ulikuwa umekwisha kuingia kwenye utumbo, haukuweza kutolewa. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 17 Agosti 1986, usaha ukiwa umeenea katika damu.

Asubuhi ya leo wazee wa ukoo waliomba haya yote yafutwe, isomwe tu kwamba aliugua kwa muda mrefu, kwa kuwa wakwe wapo. Theopista alitoka ndani akasema, "Shikamooni, wazee wangu. Vitambaa nilifua mimi. Itasomwa."

Na marehemu ameacha sahihisho, nalo ni hili: "Kamili hakuugua tumbo. Alishonewa wavu bila kuambiwa, ukamuua, nami nikijua nikawasomea uongo. Mjane wake anisamehe."

Familia inamshukuru Bernadina aliyefungua daftari, daktari aliyesikiliza, majirani waliopalilia shamba la mgonjwa, na wanaparokia waliokuja na kuni na unga. Na wale waliokuwa wakimuuliza amebeba nini, familia inawajibu leo mbele ya watu wote, alibeba cha kwenu, miaka kumi.

Jeneza litabebwa na wale wanne.

Kaka, imesomwa kama ulivyoandika. Sasa pumzika, amani iwe nawe.